Fuso la Bure Siku ya Kura

Hongera zake. Msimamizi aliposoma matokeo watu walipiga makofi, mimi mikono yangu nikaiweka kwapani. Mwenye karasha ndiye mwenyekiti wetu mpya wa kitongoji. Karasha lenyewe, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, liko juu kidogo ya kisima chetu, na uchafu wake wote unashukia humo. Binti yetu mdogo haponi tumbo. Sasa kesi ya nyani tumempelekea ngedere, tena kwa makofi.

Mgombea wetu alikuwa mama muuza mchele, mtu asiye na maneno mengi. Aliahidi jambo moja tu: karasha litahama. Wachimbaji wa hapa Mwakitolyo wakamuunga mkono. Baba watoto alisimama mkutanoni akaapa mbele za watu kwamba kura yake ni ya kisima. Siku ile nilirudi nyumbani nikitembea kifua mbele.

Asubuhi ya kura, kabla kituo hakijafunguliwa, ikaja habari kwamba duara la dhahabu limetema upande wa Rwamgasa. Mwambie mchimbaji mama yake anaumwa, atauliza anaumwa nini. Mwambie shimo limetoa dhahabu mahali, hata viatu havai. Na fuso lilikuwa linanguruma barabarani, linabeba watu bure. Tangu lini fuso la nchi hii likabeba mtu bure? Wanaume wanaoweza kulitazama jiwe wakajua lina mali au halina, hakuna hata mmoja aliyeuliza nani kaweka mafuta. Lilikuwa fuso la shemeji yake mwenye karasha. Hata kuku wetu wanalijua.

Baba watoto nilimshika mkono, nikamwambia apige kura kwanza ndipo aende. Akasema kura ipo tu, dhahabu haisubiri mtu. Akapanda na sululu yake. Foleni ya kituoni tukabaki kina mama na vikongwe, na vijana wa karasha wamejaa mbele yetu wanacheka.

Walirudi kwa miguu na kwa lifti za kuombaomba, maana fuso liliwashusha likageuza. Duara hawakuliona, waliona mbuzi wa watu wanakula majani. Basi wakaanza kupiga kelele kwamba kura zimeibwa. Zimeibwa vipi, na ninyi hamkuzipiga? Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Hapa kwetu mwerevu alale tu usingizi wake.

Baba watoto aliingia na vumbi hadi kwenye kope, akaomba maji ya kunywa. Nikamchotea. Akakitazama kikombe, yale maji ya kijivu, kisha akanitazama mimi.

"Hakuna mengine?"

"Mengine yako Rwamgasa."

Akainamisha kichwa. Binti yetu alikuwa amesimama nyuma yake, anasubiri kikombe.