Tone la Mama Kusum

Katika nyumba ile ya wazee kule New Hope, mwaka wa 1998, mzee mmoja tu ndiye aliyeweza kumgombeza mhudumu Philister kwa Kiswahili. Huyo ni Mama Kusum, Mhindi wa Kisumu, mjane wa mwuza vitambaa, aliyeletwa Minnesota na mwanawe Dilip baada ya kupatwa na kiharusi. "Wewe Philista, chai gani hii? Maji ya kuosha sufuria," alikuwa akisema, na Philister, aliyezaliwa Kisumu hiyo hiyo, alikuwa akicheka mpaka machozi yamtoke. Wenzake kazini walidhani wawili hao wanapendana. Walikuwa wamezoeana tu.

Maana Philister hakuwa amesahau. Akiwa na miaka tisa mama yake alimpeleka kununua sare ya shule kwenye duka la Mhindi. Philister akanyoosha mkono kushika kitambaa, na mwanamke wa nyuma ya kaunta akamwambia, "Usiguse, utachafua." Huenda hakuwa Mama Kusum; maduka kama hayo yalijaa mtaa mzima. Lakini kila asubuhi alipomwogesha bibi huyu na kumbadilisha nepi, neno lile lilimrudia, naye hakumwambia mtu.

Mwezi Machi Dilip na mkewe walijiandaa kwenda Haridwar, kule India, kwenye sherehe kubwa ya kuoga katika mto Ganga, ambayo hufika huko kila baada ya miaka kumi na miwili. Mama alikuwa amemwomba mwanawe akajitose kwa niaba yake. Kabla ya safari Dilip alimkabidhi Philister kijungu cha shaba chenye maji ya mto huo.

"Dada, kama mama ataondoka kabla hatujarudi, mtie tone moja mdomoni. Kwetu hiyo ni kazi ya mtoto. Sina mwingine wa kumwomba."

"Usi-worry, Bwana Dilip. Nitafanya."

Mama Kusum mwenyewe alishafika huko, mwaka wa hamsini, akiwa mke kijana. Watu walikuwa wengi hata mumewe akafunga fundo pindo la sari ya mkewe na shali yake mwenyewe, wasije wakapoteana. Wakaingia majini hivyo hivyo. Fundo lilipolowa likakataa katakata kufunguka, wakala na kulala wameunganishwa, jamaa wakiwacheka. Alisimulia hayo kila wiki, na kila wiki alicheka mahali pale pale.

Katikati ya Aprili Dilip alipiga simu kutoka huko. Philister akamshikia bibi mkonga sikioni. Vipaza sauti vilikuwa vikitangaza majina ya waliopotea, na Dilip akasimulia jinsi mkewe alivyopotewa na ndala kandokando ya mto, akauziwa nyingine, zote mbili za mguu wa kushoto. Mama Kusum alicheka hadi akakohoa. Kikohozi hicho hakikumwacha tena, na baada ya siku mbili mapafu yalikuwa yamejaa.

Asubuhi ya siku ya tatu Abigail, nesi mkuu wa zamu, aliandika kwenye kadi kwamba mgonjwa asipewe kitu chochote cha kumeza. Aloweshwe midomo tu, kwa kijiti chenye sifongo. Kijiti hicho kingeweza kuchovywa kijunguni kama kinavyochovywa popote, na Philister alilijua hilo. Kijungu kilikuwa juu ya meza, hatua moja tu.

Alimfikiria Mchungaji Eliakim wa kanisa lake kule Brooklyn Center, na mahubiri yake juu ya miungu ya wengine. Akafikiria kadi ya Abigail, na kibarua chake kuota nyasi. Visingizio vizuri vyote viwili, na hakuna hata kimoja kilichomzuia. Kilichomzuia ni kisasi. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa yeye nyuma ya kaunta. Akafungua bomba la sinki, akachovya kijiti, akampangusa bibi midomo.

"Ni Ganga?" Mama Kusum akauliza, sauti imebaki kidogo.

"Ndiyo, Mama."

"Wewe mtoto yangu."

Kabla ya saa nne alikuwa amekata roho. Philister alijifungia chooni akalia, akajichukia. Alikuwa ametarajia angalau kuona raha kidogo, na hakuiona.

Dilip alifika mbio baada ya siku mbili, akauchoma mwili wa mama yake, akanyoa nywele zote kama mila yao inavyotaka. Ndipo akaja kuchukua vitu vya marehemu. Alikuwa na picha aliyokusudia kumwonyesha: wanawake wawili wasiojulikana kando ya mto, kila mmoja ameshika ncha ya sari ndefu, wakiikausha kwa upepo huku wakizozana.

"Alipata tone?" akauliza.

"Alipata."

"Akasema nini?"

"Aliniita mtoto wake."

Dilip akafunika uso. Halafu, hapo hapo mbele ya Abigail na wazee waliokuwa wakisubiri uji, mwana wa mwenye duka akainama, akagusa viatu vya kazi vya Philister kwa mikono miwili, jinsi kwao wanavyomheshimu mkubwa, kisha akaipeleka mikono hiyo kwenye paji la uso wake. Philister aliufungua mdomo. Akakitazama kile kichwa kilichonyolewa karibu na magoti yake, akaufumba, akamwacha amalize.