Nyumba ya Mama Iliyokatazwa Kuhama

Nilijisomea mambo ya majengo ya kale peke yangu kwa miaka mingi. Nilikuwa nimeshapita arobaini chuo kiliponikubali kusoma shahada ya uzamili ya uhifadhi. Wenzangu darasani walichagua misikiti ya mawe na ngome za pwani. Mimi nilichagua aqal ya mama yangu, upande wa Ijara: nyumba ya mizizi ya migunga iliyopindwa na kufunikwa mikeka aliyoisuka mwenyewe, ambayo hubebwa na ngamia kila familia ihamapo. Kwetu Wasomali nyumba ni mali ya mwanamke. Mume hulala humo kwa hisani.

Nilipima kila mzizi nikaupa namba. Msimamizi wangu aliandika kutoka Nairobi kwamba jengo lisisogezwe mpaka alikague. Nikaenda kumwambia mama.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwalimu aje, hooyo."

"Na mvua ikinyesha kwingine, mbuzi wale karatasi zako?"

Dada yangu akahama na mbuzi. Mama akabaki na nyumba kwa sababu nilimwomba.

Kila alipohama, mama aliing'oa mizizi, akaianika na kuifukiza moshi kabla ya kuisimamisha upya. Jambo hilo nilikuwa nimeliandika daftarini chini ya "desturi". Sikuliandika chini ya "matunzo".

Msimamizi alikawia: mara gari, mara kibali cha usalama. Misimu miwili ya mvua ikapita. Siku alipofika, alishika mzizi mmoja, ukavunjika mkononi mwake. Ndani ulikuwa udongo mtupu. Tukajaribu mwingine, kisha mwingine. Mchwa walikuwa wameipanda yote kutoka ardhini.

Mama hakupaza sauti.

"Ulituambia isiguswe," alisema. "Ila ulisahau kuwaambia mchwa."

Mizizi mingine ya kufaa haikupatikana. Migunga ya karibu ilishakatwa kwa makaa. Sasa mama analala katika chumba cha mabati alichojengewa na dada, na mchana joto humtoa nje.

Tasnifu yangu ilipita. Penye sababu ya uharibifu niliandika "mchwa", na msimamizi hakubadilisha neno. Dada alimsomea mama ukurasa huo kwa Kisomali. Mama akauliza kama jina langu limeandikwa hapo.

"Hapo halimo," dada akamjibu. "Liko kwenye jalada."