Verni ya Mara ya Nne

Aibu ni yangu na cheko ni yenu, basi niseme mara moja iishe: mimi, fundi wa makabati, mutu mwenye bibi na watoto watatu, nilishafika mbele ya ukoo muzima wa bibi yangu, siku ya yenga, watu wametoka misa, nikiwa nimejifunga kitenge cha mama mukwe, na chini ya kile kitenge suruali yangu haikuwa tena suruali ya kuita suruali. Watu wa kwetu Rwambuzi, mutaa wetu wa Bunia, walisikia habari nusunusu, kila mutu anaongeza ya kwake (kuna mumoja anasema nilifukuzwa na kiboko), kwa hiyo afadhali muisikie kwa kinywa changu.

Bibi yangu, Mama Grace, ni Mualuru. Ukoo wao ulitoka upande wa Mahagi, leo wanaishi Kasenyi, pembeni ya ziwa, na samaki ndiyo maisha yao. Mimi ni mutoto wa watu wa ngombe. Maji kwangu ni ya kunywa na ya kunawa, kuogelea sijui. Kila tukishuka Kasenyi baba mukwe ananisimulia mashua ya baba yake, mashua ya tanga, ya wakati mamoteri haijakuja, namna ilivyokuwa inapita juu ya maji bila kelele hata samaki hawaisikii. Anasimulia, halafu anaangalia ziwa. Basi Noeli moja, nimekula vizuri na nimekunywa vizuri zaidi, nikamuambia nitamutengenezea yake.

Akaangalia mikono yangu. "Weye? Fundi wa makabati?"

Hakusema kwa ubaya, aliuliza tu, lakini lile neno lilinikaa ndani mpaka Bunia.

Miezi mine nilijenga ile mashua mu atelye yangu. Nilitafuta mbao za libuyu zilizotoka Niania, nyekundu, kavu, mbao ambazo mutu anatengenezea kitanda cha harusi, na kwa sababu sijawahi kujenga mashua nilifuata picha moja ya mu simu, na pale picha haikuonyesha nilifuata akili ya kabati. Kila kiungo nilikipiga kole ya kugandisha na visi za kukaza. Chini ya kiti cha nyuma niliweka hata kakabati kadogo kenye mulango, sharnieri mbili za kuushikilia ukifunguka, na kufuli (musiniulize mutu wa mashua anafunga nini na kufuli katikati ya ziwa). Mama Grace alishona tanga kwa mashuka yetu mawili meupe, mulingoti ukatoka kwa muti wa mukaratusi, na mbele nikaandika kwa rangi nyekundu: SIOGOPI. Majirani walikuwa wanapita kuiangalia jioni, na mimi nilikuwa nawaacha waiangalie.

Baba mukwe alinipigia simu wiki ya safari. Akaniambia niilete siku ya ine, tuiweke majini siku mbili mbele ya sherehe ya kuiombea siku ya yenga, mbao zikunywe maji, zivimbe, zifunge zenyewe. Na nisisahau kuleta kasia mbili. Nikasema ndiyo, baba. Kasia nilikuwa nimeshazichonga, zilikuwa zinaningojea ukutani.

Sasa sikieni mahali nilijimaliza. Siku ya tatu jioni nilikuwa nimeshapiga verni, ile rangi ya kungarisha mbao, mara tatu, kazi imeisha, nikazunguka ile mashua mara ya mwisho na taa, nikaona karibu na kiti kamududu kamekufa ndani ya verni. Kamududu kamoja. Mutu mwenye akili angesema, samaki hawatakaona. Mimi nikakatoa, nikasugua, na kwa vile mahali pale pakawa tofauti na pengine, nikapiga mashua nzima verni ya mara ya nne.

Verni mbichi haipandishwi gari, kwa hiyo siku ya ine ikapita, siku ya tano ikapita. Tukasafiri siku ya posho, kesho yake ndiyo yenga. Shemeji yangu Udaga, ndugu wa bibi yangu, alipanda kutoka Kasenyi kunisaidia kupakia ndani ya Fuso, na tulipomaliza kuifunika mashua mablanketi kama bibi-harusi, akauliza kasia ziingie wapi. Nikawaza zile kasia zikirukaruka ndani kwa ile barabara ya Bogoro, zinakwangua verni yangu yote. Nikamuambia mashua ya tanga yenye kasia ni sawa na pikipiki yenye pedali. Akacheka. Nilifikiri anasifia neno langu. Kasia zikabaki ukutani.

Jioni tukafika, baba mukwe akapitisha mukono pembeni ya mashua, polepole, kutoka mbele mpaka nyuma, na akasema ni muzuri. Halafu akasema tuiingize majini usiku ule basi, hata kama ni usiku mumoja tu. Nikamujibu verni haijakauka sawasawa, ikilala ndani ya maji itakuwa nyeupenyeupe. Akaangalia verni, akaniangalia mimi, akasema sawa, fundi ni weye.

Kesho yake, misa ilipoisha, watu walishuka pwani wote: ukoo, wanakwaya na ngoma yao, katekista wa kuombea mashua, hata watu waliokuja tu kuona mutu wa Bunia. Na mama mukwe alikuwa pale pia, lakini pembeni, karibu na meza yake ya samaki wa chumvi, ametugeuzia mugongo. Hapa lazima nieleze. Kwetu na kwao heshima ya mama mukwe ni ileile: hamukai karibu, hamuangaliani usoni, na neno lenu linapita kwa mutu mwingine. Miaka kumi na moja nimeoa mutoto wake, na sauti yake nilikuwa naisikia tu ikimuambia mutu mwingine aniambie.

Baba mukwe alitaka kupanda wa kwanza. Nikamuzuia kwa adabu, nikasema baba, acha niijaribu kwanza (kumbe nilitaka picha). Nilikuwa nimevaa suruali yangu ya harusi, ya gri kama majivu, shati jeupe, viatu vimepigwa rangi. Katekista akaomba, wakaisukuma, nikakaa kwa kiti cha nyuma, nikavuta kamba, shuka zikajaa upepo, na mashua ikaenda.

Ilienda vizuri sana, siwezi kuidanganyia. Asubuhi pale upepo unatoka upande wa mulima kwenda ziwani, ukaibeba SIOGOPI bila kelele, vilevile muzee alivyokuwa anasimulia, na nyuma yangu wanawake wanapiga vigelegele. Nilisikia furaha mpaka machozi yakanikaribia. Nikaenda, nikaenda, halafu nikawaza, sasa ingefaa kurudi.

Nikavuta kamba upande mumoja, tanga likapiga kofi, mashua ikaendelea mbele. Nikavuta upande mwingine, mashua ikaendelea mbele. Ile picha ya mu simu haikuwa imeonyesha kwamba chini ya mashua kuna ubao wa kuishika majini isibebwe tu kama jani. Yangu chini ilikuwa laini kama kabati. Na viatu vyangu vikaanza kuwa baridi. Nikaangalia: maji yanaingia kwa kila kiungo, taratibu, kwa sababu zile mbao hazikuwa zimekunywa hata tone.

Nikainua mikono miwili kuita musaada. Pwani nao wakainua mikono, kwaya ikaanza wimbo mwingine. Nikapunga kwa nguvu zaidi, wakaongeza ngoma. Nikavua kiatu kimoja nikaanza kuchota maji nacho, na kila nikimwaga maji kule pwani wanashangilia, sijui walifikiri ni desturi gani ya watu wa Bunia. Nikawaza kungoa mulango wa kale kakabati niufanye kasia, lakini kufuli ilikuwa imefungwa na ufunguo uko kwa Mama Grace, na sharnieri nilizipiga visi ndefu mimi mwenyewe kwa sifa ya kazi. Nilivuta mpaka kucha zikauma, mulango haukutikisika. Ni siku moja tu maishani nimelaani kazi yangu kwa sababu ni nguvu.

Njo nikaona mutumbwi unakuja. Mutu mumoja tu ndani, anapiga kasia bila haraka, na alipokaribia nikatamani ziwa linimeze: alikuwa mama mukwe. Watu wote wanaimba, yeye peke yake, na mugongo wake ule, aligeuka mara moja tu na akajua kwamba ile haikuwa salamu.

Akasimamisha mutumbwi pembeni yangu, uso ameuelekeza ngambo ya ziwa, upande wa Uganda. Na kwa kuwa hakukuwa na mutu wa kupitishia neno, akaongea na mashua.

"Weye mashua, uliza baba Grace kama iko muzima."

Nikainamisha kichwa. "Mashua, ambia mama niko muzima, lakini maji inaingia."

"Mashua, muambie ashushe tanga, na anipe kamba."

Nikashusha, nikatupa kamba bila kuangalia.

"Mashua, muulize kasia iko wapi."

Ile haya ikanisahaulisha kupitia kwa mashua. "Nilibakisha Bunia, mama."

Mutumbwi ukapanda na kushuka.

"Bunia ni mbali kidogo," akasema, na safari hii hakuiambia mashua.

Nikasimama ili nivuke kwake. Niseme, nilijaribu kusimama. Verni ya mara ya nne, jua la Kasenyi na suruali ya gri walikuwa wameshapatana. Nikasikia kitu kinanishika nyuma, nikajivuta kwa nguvu, na sauti ya ile nguo kupasuka mungeisikia mpaka huku. Sehemu yote ya kukalia ilibaki kwa kiti, imepigwa pale kama muhuri. Nikadondoka ndani ya mutumbwi. Na sasa muone shida: heshima inasema nikae nikimupa mama mugongo, na mugongo ndiyo upande wenye aibu. Nikageuka huku, nikageuka kule, mutumbwi ukayumba, mpaka kitenge kikatua juu ya kichwa changu. Alikuwa amefungua kile cha juu, akanitupia, macho bado Uganda.

Halafu akanipa kasia ya pili (yeye alikuwa na mbili), nikakaa mbele, tukapiga kasia, SIOGOPI inatufuata kama mbuzi anapelekwa sokoni. Nyuma yangu nikasikia kasauti. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka, anazuia, inamutoka tena, na mimi nikashikwa pia, tukacheka hivyo mpaka pwani, bila kuangaliana.

Kwaya ikanyamaza. Watu walikuwa wanaangalia kitenge, wanaangalia mama mukwe, wanaangalia kitenge tena, na baba mukwe amesimama na kofia mukononi. Nilikuwa tayari kusikia kwamba ndoa imeharibika. Mama mukwe akashuka wa kwanza, akakunja mikono ya blauzi yake.

"Mashua ni muzuri," akaambia watu wote. "Ilikosa kunywa maji tu. Mukuje mutusaidie kuvuta."

"Na suruali?" Udaga akauliza.

"Suruali gani? Mi macho yangu ni ya uzee."

Watu wakashika kamba, wakavuta.

Ile mashua waliijaza maji siku mbili pale pwani, verni ikawa nyeupenyeupe, na baba mukwe mwenyewe akapiga ubao pale chini. Siku ya pili jioni akapanda, akavuta kamba, akakata upepo huku na kule, akarudi mahali alipotokea, hana haraka. Mimi nilisimama pwani ndani ya suruali ya Udaga, inaniishia chini kidogo ya magoti, na sikuona haya tena. Muzee akashuka. Alinishika bega tu, mukono ukakaa pale.

Tangu hapo nimejiapia: mutu wa maji akiniambia leta kitu, nitakileta, na mimi kwenye chombo cha maji sitapanda tena kabla ya mwenye kukijua.

Mwezi uliofuata nilishuka na mbuzi, ya kuomba samahani kwa mama, maana desturi ni desturi. Nikaikabidhi kwa Udaga, nikageuka kwenda nje kama kawaida, naye mama akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Baba Grace, kaa." Nikakaa. Yeye pale, mimi hapa, mulango wazi, chai katikati. Tukakunywa tu vile, polepole, mpaka birika ikaisha.