Boma Lililofungiwa Ndani ya Mashine

Mume wangu alizikwa Uriri, nyumbani kwa mama yake, na baada ya matanga ndugu zake waliketi kugawana vitu vyake kama desturi inavyotaka. Baiskeli ilikwenda kwa mdogo wake, koti kwa binamu, vyombo vya kutengenezea friji kwa shemeji yake. Walipoifikia mashine ya gemu, kaka yake mkubwa aliigeuzageuza mikononi, kisha akanirudishia.

"Hii kaa nayo wewe, shemeji. Ni yako."

Nilishukuru. Sote tuliyaamini maneno hayo.

Alipokuwa kijana, mume wangu alikuwa na mashine ya zamani, zile za kuchomeka kaseti, na gemu moja tu, ya kujenga boma. Unapewa kipande cha ardhi, unajenga, unapanda, unafuga. Saa ya ndani ya gemu ilikwenda sawa na saa ya ukutani, kukikucha huku na kule kunakucha. Mashine ile iliunguzwa na radi, na kampuni ilikuwa imeshaacha kuitengeneza. Kaseti ikabaki haina pa kuchezewa. Miaka mingi baadaye, tukiwa tumepanga nyumba Homa Bay, alinunua mashine mpya, akanakili ile gemu kutoka kwenye kaseti yake mwenyewe na kuweka programu inayoitwa emyuleta.

"Inaifanya mashine mpya ijione ndiyo ile ya zamani," alinieleza. "Ile iliyokufa inasema kwa mdomo wa hii."

Mama yake alipoelezwa hivyo hivyo alitikisa kichwa. "Hiyo ni juogi," akasema, yaani pepo wanaompanda mtu akaongea kwa sauti isiyo yake. Tulicheka, hata yeye akacheka.

Baada ya matanga, mama mkwe alikuja Homa Bay kukaa nami kwa muda. Alasiri moja, kwa upweke tu, niliwasha mashine. Boma lake likatokea, na langoni alisimama mtu mdogo mwenye shati la kijani. Huyo ndiye ambaye mume wangu alikuwa akimwendesha. Sikujua kucheza. Niliweka padi ya kuchezea mezani, nikaenda jikoni kumimina chai.

"Nyathina!" mama aliniita. Mwanangu, ndivyo anavyoniita. "Njoo. Anabisha."

Nilirudi mbio. Mtu yule alikuwa ameacha lango, amekuja mbele mpaka uso wake umejaa kwenye televisheni, na alikuwa akigonga kioo kwa ngumi kutoka ndani. Ko, ko, ko. Anatulia, anatazama, anagonga tena.

"Usiogope, Mama," nikasema. "Ndivyo ilivyoundwa. Gemu ikiachwa bila kuguswa, huyu anachoka kungoja. Anamwita mchezaji."

"Na mchezaji yuko wapi?"

Nilishika padi nikabonyeza chochote. Mtu akageuka, akarudi langoni.

Mama hakuketi. Alisogea karibu na televisheni, akaanza kuonyesha kwa kidole. Ghala lile. Zizi lile. Ua wa michongoma ulioachwa wazi upande mmoja. "Hapa ni kwetu Lambwe," akasema. Walikuwa wameishi kule mpaka mbung'o walipozidi, ng'ombe wakafa, na watu wakaanza kupatwa na ugonjwa wa malale. Baba mkwe aliuza shamba, wakahamia Uriri mume wangu akiwa bado ananyonya.

Kidole chake kilifika kwenye nyumba ndogo nyuma ya ghala, kikasimama.

"Hii nani alimwambia?"

Mama alizaa msichana kabla ya mume wangu. Mtoto yule alilala katika nyumba ile na nyanya yake, akafia humo. Baba mkwe aliibomoa kwa mikono yake, akakataza jina la mtoto lisitajwe tena. Halikutajwa. Mimi mwenyewe nilikuwa naisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, kama mume wangu, nadhani, alivyoishi bila kuisikia.

"Nyumba ndogo ni nyumba ndogo, Mama. Pengine ni bahati tu."

"Mlango unatazama nyuma ya boma," akasema. "Baba yake alikosea kuujenga. Watu walimcheka. Hakuna nyumba nyingine iliyotazama huko."

Tangu siku hiyo kila alasiri alitaka boma liwashwe. Nilijifunza kumwagilia mimea na kufungulia ng'ombe. Mama alikaa na chai yake akitazama ile nyumba. Nami nilijizoeza kushika padi hata nikizungumza, nikiigusagusa kwa kidole bila kutulia, ili mtu yule asije tena kugonga.

Kisha mashine ikaonyesha ujumbe kwamba kuna sasisho. Nilikubali, kama ninavyokubali kwenye simu bila kusoma. Ilijizima, ikajiwasha. Picha ya emyuleta ilikuwa imefifia. Nilipoibonyeza, maandishi yakatokea: programu hii haijaidhinishwa, haiwezi kufunguliwa. Chini yake palikuwa na neno moja tu la kuchagua. Futa.

"Bado yumo?" mama akauliza.

"Yumo. Mlango ndio umefungwa."

"Na saa yake?"

"Saa inakwenda."

Mama alifunika mdomo kwa leso.

Niliiandikia kampuni. Jibu lilianza kwa jina la mume wangu, likamshukuru kwa kuwa mmoja wa familia yao. Niliandika tena, nikaeleza kwamba mwenye jina hilo ni marehemu na mimi ni mjane wake. Jibu la pili nalo lilianza kwa jina lake. Walimpa pole kwa msiba. Walimpa pole kwa kifo chake mwenyewe, kwa maneno mazuri kabisa, na nilipofika hapo niliiweka simu chini kwanza, nikatoka nje nikasimama juani.

Mengine yalikuwa wazi. Akaunti ni ya mtu mmoja, hairithiwi. Gemu alizolipia kwao hakuzinunua, alipewa ruhusa ya kuzitumia, na ruhusa hiyo ilikwisha naye. Emyuleta wamezikataza ili kulinda kazi za watu waliozitunga. Sikuwabishia hilo, mtunzi naye anakula kwa jasho lake. Niliuliza tu ni wapi ningeweza kuinunua upya gemu ile ya boma, nilipie kihalali. Wakajibu kwamba haiuzwi tena popote. Kaseti ilikuwa kwenye droo yetu, na jina la mume wangu limeandikwa juu yake kwa kalamu.

Nilimsomea mama yote.

"Kwa hiyo alikuwa mpangaji," akasema. "Kwenye boma alilojenga mwenyewe."

Migori kulikuwa na dada mmoja anayetengeneza simu na kompyuta, watu walimsifu. Tulimpelekea mashine. Alisikiliza, akaniangalia.

"Nikiifungua, kampuni ikijua itaifungia mashine yote. Haitaingia mtandaoni tena. Umekubali?"

"Fungua," mama akajibu kabla yangu.

Aliifungua, akatoa kumbukumbu iliyokuwa ndani, akainakili kwenye kompyuta yake. Muda si mrefu boma likatokea. Nyasi zilikuwa zimefika madirishani. Ng'ombe hawakuwepo. Langoni hapakuwa na mtu. Fundi alizungusha picha polepole, nyumba baada ya nyumba, mpaka nyuma ya ghala. Mtu wa shati la kijani alikuwa ameketi mlangoni pa ile nyumba ndogo, ametugeuzia mgongo.

Tulingoja. Hakugeuka. Nilibonyeza kila nilichojua, hakusogea.

"Ajabu," fundi akasema. "Ukikaa kimya hivi anatakiwa aje kugonga. Labda faili limeharibika. Niachieni, nijaribu."

"Hapana, mwanangu. Nimeona," mama akasema. "Zima."

Tulipofika nyumbani ndipo aliponiomba nimpeleke Lambwe.

Mwenye shamba sasa ni mzee mpole. Tulimkuta akiwapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Mama alijieleza kwa Dholuo, naye akaacha kazi yake, akatuongoza katikati ya mahindi. Sikuona dalili ya boma isipokuwa mchongoma mmoja mkubwa. Mzee alisimama penye mawe machache yaliyozama udongoni, kama msingi wa nyumba ndogo.

"Hata yule kijana alitaka kuona hapa," akasema.

"Kijana gani, mzee?"

Akatueleza alivyokuwa: mrefu, mwenye pengo, fundi wa friji kutoka Homa Bay. Alikuja wakati wa kiangazi kimoja, akapima kwa hatua, akachora kwenye karatasi. Nilimtambua mume wangu, nikafarijika. Nilimgeukia mama. "Umesikia? Alikuja mwenyewe, hakutuambia tu. Mzee ndiye aliyemwonyesha."

"La," mzee akasema. "Mawe haya sikuyajua. Nimelima hapa miaka yote plau ikipita kando. Ni yule msichana aliyekuja naye, alifukua kwa mguu."

Hatukujaliwa mtoto. Nilisema, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyotaka, kwamba watoto wa kijijini hufuata wageni.

"Labda," mzee akakubali. "Ila wa hapa nawajua wote."

Mama hakuuliza msichana yule alivaa nini wala alikuwa na umri gani. Alichuchumaa, akang'oa magugu yaliyokuwa katikati ya mawe, akaomba achukue moja akaliweke Uriri, kaburini kwa mwanawe.

"Chukua," mzee akasema. "Hayo hata sikuyanunua."

Lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Tulipokezana kulibeba mpaka barabarani.