Birika la Wati Elfu Mbili

Mimi ni fundi wa umeme, na mpaka leo nikipita lile duka la mtaani Kuze huona kinyaa. Nilikwenda kununua birika la umeme. Muuzaji akalitia maji, akalichomeka, taa yake nyekundu ikawaka. "Umeona? Ni zima kabisa." Kwetu kupima ndiko huko: kitu kikiwaka, kizuri.

Kwenye boksi paliandikwa wati elfu mbili. Maji yakakaa kimya mno, nikatoa mita yangu. Volti mia mbili na arobaini, ampea tatu. Zidisha: wati mia saba na ishirini. Gawanya volti kwa ampea upate ukinzani: omu themanini, na birika la wati elfu mbili la kweli lingekuwa na chini ya thelathini. Nilimwambia yote hayo kwa sauti, duka limejaa watu.

Wala hakutahayari. Macho makavu, akachukua kalamu, akaikata ile elfu mbili, akaandika 720. "Haya, fundi, sasa ni kweli." Akaliweka boksi hilo kando ya mengine yenye uongo uleule. Nilitamani kutema mate.

Nyuma yangu alikuwapo bi mkubwa mmoja, jirani yangu, aliyesikia hesabu nzima tangu mwanzo. Nikamgeukia, nikitaraji anisaidie kumsuta. Akalisukuma kando lile boksi lililosahihishwa.

"Hili la mia saba dogo, mwanangu," akamwambia muuzaji. "Nipe lile la elfu mbili."