Muuza Gemu wa Keko Aliyefungua Kila Kasha

Simu ilinikuta stendi ya Tunduma, begi mgongoni kama kawaida yangu, sijaamua kama nivuke mpaka au nirudi nilikotoka. Alikuwa dada yake muuza gemu wa Keko. "Shikamoo kaka," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia akaongeza, "Kaka yetu hatunaye tena. Presha ilimzidi. Tumemzika jana huku Newala. Utusamehe, simu yako ilikuwa haipatikani." Nikakaa juu ya begi, watu wakinipita. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua: nimeishi Keko, nimeishi Tandale, nimewahi kulinda nyumba ya mtu Mbezi Beach, na sijapata kukaa mahali mpaka nikapachoka, huondoka kabla. Mtu wa namna hii hukosa mazishi mengi. Lakini kumkosa muuza gemu wa Keko kumeniuma zaidi, kwa sababu amekwenda kaburini huku wapo watu Dar es Salaam wanaomwita tapeli mpaka leo. Nilimjua, na nilikuwepo yalipotokea. Sikushika udongo wa kumzika, basi acha nishike kalamu.

Dar aliingia akiwa kijana, juu ya lori la korosho, enzi ambazo barabara ya kusini ilikuwa barabara kwa jina tu. Leo mtu anakunywa chai Mtwara na usiku analala kwake Mbagala. Wakati ule masika yakikukuta njiani ulihamia kwenye tope. Lori lao lilizama mbele ya Nangurukuru na likakaa hapo mpaka unga ukawaishia, wakawa wanabadilishana nguo zao na wanavijiji kwa mihogo. Walipojinasua wakakuta kivuko cha Rufiji ni kibovu, wakasubiri tena. Kazi yake safari nzima ilikuwa moja: kukaa juu ya magunia yasiibiwe. Hii hadithi alinisimulia mara nyingi, na kila alipofika mwisho sauti yake ilishuka. Walipofika ghalani, tajiri alichana gunia kwa kisu, zikamwagika korosho, na katikati ya korosho kokoto. Gunia la pili, kokoto. Aliyeyapakia alikuwa amebaki Newala. Aliyekuwepo ni kijana aliyeyakalia. "Nimelala juu ya yale magunia njia nzima," alikuwa akisema, "kumbe nalinda mawe. Nikazabwa makofi mbele za watu. Ningejibu nini? Sikuwahi kufungua hata moja." Siku hiyo, bila ujira na shavu limevimba, aliapa kwamba maishani mwake hatampa mtu kitu kilichofungwa.

Kiapo hicho ndicho kilichokuja kuwa duka. Alianza kwa kutengeneza pedi za gemu zilizokufa vitufe, kisha akapata chumba Keko, katikati ya mafundi wa vitanda na makochi, mahali ambapo vumbi la mbao huingia mpaka kwenye chai. Seremala wa jirani alimchongea rafu ya mninga yenye vijipango vyembamba, kila kimoja cha kuingia kasha moja la CD. Ukienda kununua gemu kwake ulikuwa unaingia kwenye ibada. Hakukupa kasha. Alilifungua mbele yako, akaitoa CD kwa ncha za vidole, akaipeleka mlangoni kwenye jua akakugeuzia upande wake wa nyuma uone kama una mikwaruzo. Halafu akaiweka kwenye mashine, mkasubiri wote mpaka muziki wa mwanzo upige. Mafundi wa mstari ule waliijua miziki hiyo yote, walipiga randa kwa kuifuata. Sitadanganya, CD nyingi za enzi zile zilikuwa za kuchomwa, na yeye alikuambia kabla hujauliza. "Hii ya kuchoma. Hii orijino. Macho ni yako, kaka." Ukiimaliza gemu ulikuwa unairudisha, unaongeza kidogo, unachukua nyingine, na hiyo yako nayo ilipelekwa mlangoni kwenye jua kabla haijapokelewa. Nilipokuwa nimepanga karibu yake nilikuwa nikikaa kwenye benchi lake bila kununua kitu. Niliwaona watu wazima wenye magari wakitoka Mbezi Beach kuja kwenye vumbi lile, kwa sababu walichobeba kutoka pale kilicheza walipofika nyumbani.

Mteja wake mkubwa alikuwa bwana mmoja wa benki, baba wa watoto wawili wapenda gemu za mpira. Siku moja bwana huyu alipita, akakaa, hakununua. "Braza," alisema, "siku hizi watoto hawataki CD. Mashine mpya hata tundu la CD haina. Unabonyeza tu, inashuka."

"Inashuka kutoka wapi?"

"Hewani huko. Intaneti."

"Na ikigoma, unamrudishia nani?"

Bwana wa benki akafikiri. "Hairudishwi."

"Na ukiimaliza, unabadilishana na nani?"

"Hubadilishani. Ni yako tu, imo humo humo. Na zipo nyingine hata hazishuki, unacheza huku ipo kwao huko, kama kutazama mpira."

Rafiki yangu alicheka mpaka akajipiga paja. "Kwa hiyo mnanunua msichokiona, hamwezi kukirudisha, na aliyewauzia hamumjui sura. Halafu sie wa Keko ndio washamba!" Tulicheka wote. Kicheko kile nimekikumbuka sana hapa Tunduma, maana baada yake rafu ilianza kupoa. Vijana wa mtaani walikuwa na gemu ndani ya simu zao. Wenye nafasi walikuwa na waya wa intaneti mpaka chumbani. Alijaribu kukodisha runinga kwa wachezaji, wakaja wasiokuwa na umeme kwao, umeme ukikatika nao wakaondoka. Alijaribu kuwajazia watu gemu kwenye flashi, ikawa kila mwenye kompyuta anaweza. Nimetembea mikoa mingi nikaona maduka ya namna hii yakifa: waliokuwa wakisafisha picha, waliokuwa wakirekodi kaseti, maktaba za muvi. Huwa hayafi kwa kishindo. Mwenye duka huanza kufagia zaidi ya anavyouza.

Akaona njia iliyobaki ni kuingia huko huko walikokwenda wateja. Alikusanya alichonacho akaagiza, kupitia mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, mzigo wa gemu orijino za mashine mpya. Ulipofika alinipigia, nami nilikuwa Tandale, nikaenda. Akafungua kasha la kwanza kama alivyozoea, na vidole vyake vikagusa plastiki. Hakukuwa na CD. Kulikuwa na kikaratasi chenye namba. La pili, kikaratasi. Sitasahau uso wake. Nilijua yuko wapi muda ule, yuko ghalani na gunia limechanwa. Seremala wa jirani alisimama mlangoni na msumeno mkononi akachungulia. "Haya makubwa!" akasema. "Sie tukiuza kabati halina milango tunafukuzwa nalo, nyie mnauza kasha halina kitu!" Bwana wa benki akapigiwa simu, akamtuliza. Si utapeli, alisema, ndivyo zinavyouzwa sasa. Mashine inaomba ile namba, ukiiandika gemu inashuka. Karatasi ndiyo gemu.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu mwenye hila asingelifanya. Maisha yake yote, aliyeshika CD ndiye aliyekuwa na gemu. Akaelewa kwamba aliyeshika karatasi ndiye mwenye gemu. Haikumpitia akilini kwamba anayeiona tu ile namba ameshaibeba. Na kwa kuwa hakuna mteja wa Keko angenunua kasha jepesi lililofungwa, alifanya alichokuwa amekifanya siku zote. Aliyafungua yote, akayapanga mbele ya duka, kila kikaratasi kikitazama barabarani, namba juu, ili kila mtu ashuhudie kwamba humu kimo kilichoahidiwa. Watu wakasimama. Vijana wakatoa simu wakawa wanapiga picha kasha moja moja, wanasogea karibu, wanapiga tena. Nilikuwa benchini. Alifurahi kweli kweli. "Pigeni, pigeni tu," aliwaambia, "hilo ni tangazo la bure!" Mmoja akamwomba naye asimame mbele ya rafu, akasimama, akatabasamu na meno yote.

Aliyerudi wa kwanza ni bwana wa benki. Hakukaa. "Mzee," alisema, na yeye hakuwahi kumwita mzee, "umeniuzia namba iliyokwishatumika."

"Kaka, mie hata mashine ya kuiandikia sina."

"Sasa nani katumia? Jini?"

"Kaka yangu, nimekufungulia umeona. Karatasi nimekupa mwenyewe mkononi."

"Umenipa karatasi! Nimewaahidi watoto, nimekaa nao pale, mashine inatuandikia imeshatumika. Mimi ulikuwaga unaniheshimu bwana."

Wakaja wengine na neno lile lile. Ni yule seremala aliyegundua, taratibu, akiwa anapiga msasa mguu wa meza. "Braza," alisema bila kuinua kichwa, "wale waliokuwa wanapiga picha... walikuwa wanapiga nini?" Rafiki yangu alimtazama. Kisha akatoka nje, akaanza kuyageuza makasha yatazame ukutani, moja moja, ingawa ilikuwa haina maana tena: namba hutumika mara moja tu, na wenye picha walishawahi.

Kila aliyekuja alirudishiwa chake. Runinga zikaondoka, mashine zikaondoka. Hilo halikumvunja. Kilichomvunja ni picha. Ile picha ya tabasamu, sijui ilianzia kwa nani, iliingia kwenye makundi ya simu na maneno chini yake: jihadharini na huyu, anauza hewa. Bwana wa benki aliisambaza naye. Nilimpigia nikamweleza yote, akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Sawa kaka, inawezekana. Lakini ushahidi upo wapi?" Mtu huyu alikuwa amepelekwa mlangoni kwenye jua pamoja na CD zake miaka nenda rudi. Alikuwa na ushahidi mwingi kuliko mahakama. Lakini ulikuwa ushahidi wa vitu vilivyoshikika, na yeye alishahamia kwingine. Ananunua asichokiona kwa mtu asiyemjua, na moyo wake umetulia. Aliyemwona kwa macho yake ndiye aliyemtilia shaka.

Siku rafiki yangu alipoondoka Keko moja kwa moja nilipita kwa bahati, begi mgongoni, nikiwa naelekea stendi. Duka lilikuwa jeupe, imebaki rafu ya mninga tu, na ndani ya vijipango vyake yale makasha. Mama mmoja muuza viatu vya mitumba alikuwa ameinunua rafu, amekuja na mkokoteni. Rafiki yangu alikuwa amepungua, shati linamning'inia, na kwa ajili ya presha dada yake alikuwa amemkataza kusimama juani. Alikuwa amesimama juani. Analitoa kasha kwenye kijipango, analifungua, anamwonyesha mama, analifunga, anachukua lingine.

"Baba, ya nini tena hayo?" mama akacheka. "Mie nimenunua rafu. Makasha katupe."

"Yamo ndani ya rafu, mama yangu. Lazima uone kama hayana kitu."

"Si umeshaniambia ni matupu?"

"Kusema nimesema. Tazama."

Mama akamgeukia mwenye mkokoteni wakacheka pamoja. Seremala hakucheka, alikuwa amezima mashine yake. Kasha likafunguliwa, likafungwa. Lingine. Rafiki yangu hakuruka hata moja, na kila alipofungua alilielekeza kasha kwenye mwanga, kama vile mikwaruzo ingeweza kuwa juu ya utupu. Nikamwona yule mama akiacha kucheka. Aliushusha mfuko wake chini, akasogea, na kuanzia hapo akawa analitazama kila kasha kwa makini na kuitikia, "Nimeona, baba." Linalofuata. "Nimeona." Mpaka rafu ikaisha. Ndipo rafiki yangu akasema, "Asante," akampa mkono, akachukua kijibegi chake. Seremala akamuuliza, "Braza, unarudi lini?" Akajibu, "Rafu imeshauzwa," akatembea kuelekea barabarani, na Keko haikumwona tena.

Dada yake aliniuliza kwenye simu kama nina neno la kuwaambia wanawe. Nilishindwa pale stendi, nalitoa hapa. Waliomjua baba yenu miaka mingi waliiamini picha. Mwanamke aliyemjua kwa dakika chache alikubali kutazama. Mkisikia mtu anaitwa tapeli, msiulize kwanza nani kasema. Shusheni mifuko yenu chini kama yule mama, mtazame kasha kwa kasha, mpaka la mwisho.