Barabara ya Jikoni kwa Bibi

Leo fundi anapaka geti langu rangi nyekundu, na harufu yake imenikera tangu asubuhi.

Nilikuwa mdogo, namsaidia bibi kumenya mihogo jikoni kwake, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba yetu pale Masasi. Mpima ardhi akaja kwa mara ya tatu na kopo la rangi kama hii. Mara ya kwanza alichora X kwenye mkorosho, mara ya pili chooni. Safari hii akachora kwenye ukuta wa jiko.

"Shikamoo, bibi. Barabara itapita hapa. Mji unakua."

"Marahaba. Si ukulie huko Lisekese kwenye nafasi? Unatafuta nini jikoni kwangu?"

Jiko likavunjwa. Siku barabara ilipofunguliwa, bibi alisimama katikati, akamzuia bodaboda wa kwanza.

"Unapita jikoni kwa watu bila hodi?"

Kijana akazima pikipiki. "Hodi, bibi."

"Karibu, baba. Pita."

Akabaki pale pale kumngoja wa pili. Huyo alipiga honi, akamkwepa, akaenda zake.